Kilima kirefu, kijiji gizani: hesabu ya antena Kasulu na Kibondo

Anayetaka kusambaza intaneti kwa redio vijijini Kasulu au Kibondo hutafuta kwanza kilima, na nchi ya Waha haina uhaba wa vilima. Kisha hushika orodha ya bei, ambamo antena yenye desibeli nyingi ndiyo inayoonekana bora. Matokeo yake ni antena ya duara ya desibeli 13 juu ya kilima kirefu kuliko vyote. Kijiji cha kilomita nane kinapata mtandao, kilicho chini ya mlingoti kinakosa, na fundi anailaumu redio.

Redio haina kosa. Antena haiongezi nguvu hata chembe, inagawa tu ile iliyopewa. Ni donge la chapati: ukilisukuma liwe pana, linakuwa jembamba. Antena ya duara ya desibeli 13 inasambaza pande zote, nyuzi 360, lakini kwenda juu na chini unene wake ni kama nyuzi 7 tu: tatu na nusu juu ya upeo wa macho, tatu na nusu chini yake. Sasa chukua mlingoti uliokizidi kijiji kwa mita 200, nyumba za kwanza zikiwa umbali wa kilomita moja na nusu. Kuziona nyumba hizo kutoka juu unahitaji kuinamisha macho nyuzi 7.6. Ukingo wa chini wa mawimbi unapita mita mia moja na ushee juu ya mabati yao. Kijiji cha kilomita nane kiko nyuzi 1.4 tu chini ya upeo, ndiyo maana kinafaidi.

Kuilaza antena ya duara hakusaidii, maana upande mmoja ukitazama kijiji, wa pili unatazama mawingu. Zipo zilizoinamishwa pande zote tangu kiwandani, lakini nyuzi zake huwa chache na huwezi kuzibadili. Dawa ni sekta, antena bapa inayofunika nyuzi 90 au 120, ambayo kila moja huinamishwa kivyake. Sekta yenye unene wa nyuzi 8 ikiinamishwa nyuzi 5 inafunika kuanzia nyuzi 1 hadi 9 chini ya upeo. Vijiji vyote viwili vimo, kwa redio ileile.

Pingamizi la kawaida ni gharama: sekta tatu zinataka redio tatu, na redio tatu zinataka paneli na betri kubwa zaidi. Ni kweli, ila nani kasema lazima ziwe tatu? Vijiji vingi huku vimejipanga kando ya barabara, na nyuma ya kilima mara nyingi ni miyombo mitupu. Anza na sekta moja upande wenye watu. Ukifanya hivyo unapata faida nyingine: antena ya duara husikia pia kelele za redio zote jirani, sekta husikia za upande wake tu.

Kwenye pembe hii ya juu na chini ndipo mifano ya kuazima inapodanganya. Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi za Garissa, Kenya, mashirika ya NetHope na Inveneo yalijenga DadaabNet mwanzoni mwa muongo wa 2010 kuunganisha ofisi za misaada. Ardhi ile ni tambarare, na kwenye tambarare shida ni urefu wa mnara, pembe ya wima haikusumbui sana. Mchoro wa tambarare ukiuleta Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu, uchore upya.

Kuleta mtandao hadi kwenye kilima chenyewe ni habari nyingine. Miaka ya mwanzo ya 2000, vituo vya intaneti vya Kasulu, kikiwemo cha kambi ya Mtabila, vilitegemea satelaiti. Kuna anayeota kuiepuka kwa antena moja ya ungo Kasulu na nyingine Kibondo, bila kituo katikati. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli wa Venezuela alifikisha mawimbi ya Wi-Fi kilomita 382, sawa, lakini alikuwa na milima ya Andes chini ya miguu. Kasulu na Kibondo zimeachana kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka, na kwa umbali huo mgongo wa dunia peke yake unainuka zaidi ya mita 200 katikati, kabla hujahesabu kilima wala mti. Vituo vya kati haviepukiki.

Upande wa mteja ndipo watu hubana pesa pasipostahili. Kwa kilomita 10 kwenye gigahezi 5.8, hewa tupu inakula desibeli 128. Mnara ukirusha wati 4, yaani desibeli 36 juu ya miliwati moja, antena bapa ya desibeli 16 inapokea −76, ungo wa sentimita 40 wenye desibeli 25 unapokea −67. Tofauti hiyo ni nguvu mara nane. Na mteja anayesikia vibaya hajiumizi peke yake: redio ya mnara humhudumia kwa kasi ndogo, muda wa hewani unakwisha, na majirani wote wanasubiri. Ila usipande hadi ungo wa sentimita 60. Mwale wake ni nyuzi 6 tu, na nguzo ya mkaratusi ikiyumba kwa upepo, unapoteza ulichonunua.

Halafu kuna miti. Kuuona mnara kwa macho hakutoshi. Katikati ya kilomita 10 mawimbi haya yanahitaji kama mita 7 za uwazi kuzunguka mstari huo. Miyombo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua wiki kadhaa kabla ya mvua, kwa hiyo kiungo kilichopimwa Agosti huweza kufa kabla mvua haijaanza. Baadaye lawama zote huangukia mvua, ambayo kwenye masafa haya hula kidogo tu.

Nanyuki, Kenya, kampuni ya Mawingu ilianza mwaka 2013 kwa masafa ya televisheni, yanayopenya majani vizuri zaidi. Antena zake ni kubwa na kasi yake ni ndogo, na masafa hayo si ya kujichukulia bila kibali cha mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kwa mteja mmoja mwenye mwembe mbele ya nyumba, mimi ningenunua kwanza bomba refu kwa mita tatu.