Sikio la Mtu Mwingine

Ukifungua boksi la spika za kujiundia, macho hukimbilia wufa, spika ya besi. Ndiyo inayong'aa, ndiyo nzito mkononi kwa sababu ya sumaku yake, na ndiyo aliyoipiga picha muuzaji. Baadaye hufuata twita, spika ndogo ya sauti za juu. Mwisho kabisa, chini ya sponji na skrubu, kuna kifuko cha vitu ambavyo mpita njia angedhani vimetoka kwenye redio iliyokufa: koili mbili tatu za waya wa shaba, kapasita, rezista nyeupe za kauri. Wufa na twita huuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Kifuko kile ni jasho la mtu mmoja aliyekaa na maikrofoni na kompyuta yake, akapima, akasikiliza, akabadilisha kapasita moja, akasikiliza tena, hadi siku aliyosema basi, imetosha.

Ndiyo maana ninapochagua seti ya spika ndogo huanza kwa kumuulizia aliyeibuni. Anayejiundia spika kwa seti hununua sikio la mtu mwingine, kisha analijengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Sioni ufundi mwingine wenye mgawanyo wa heshima mzuri kama huo.

Wengi huuliza kwanza kama kwa njia hii watapata spika kwa bei rahisi. Zamani jibu lilikuwa ndiyo. Gilbert Briggs, Mwingereza aliyeanzisha Wharfedale mwaka 1932 katika jimbo la Yorkshire, aliandika vitabu vya kuwafundisha wateja wake namna spika zinavyofanya kazi na namna ya kuzitengenezea makasha, na msomaji wa miaka ya 1950 aliyekuwa na msumeno aliokoa fedha za maana. Leo viwanda vya China vinatoa spika za rafuni kwa bei ambayo haitoshi hata kununulia mbao nzuri na vanishi. Anayetafuta nafuu aende dukani. Seti ni ya mtu anayetaka kujua kwa nini spika yake inasikika inavyosikika.

Na sababu kubwa imo katika krosova, yaani vile vitu vya kwenye kifuko. Wufa ya inchi 4 au 5 haiwezi kuimba kila kitu. Wimbi la sauti ya 3,000 Hz lina urefu wa sentimita 11 hivi, karibu sawa na upana wa wufa yenyewe. Kuanzia hapo kwenda juu sauti huanza kubanwa mbele kama mwale, na aliyekaa pembeni ya kochi anaikosa. Twita nayo, ukiipelekea besi, itaungua. Krosova hukaa katikati yao kama mgawa maji wa mfongo kule Uchagani: huyu apate zamu yake, yule apate yake, na mpakani wasipigane. Mpakani ndipo penye kazi. Kwenye masafa hayo spika mbili zinaimba noti moja kutoka sehemu mbili tofauti za ubao, na mmoja akichelewa kidogo tu nyuma ya mwenzake, wanafutana. Mwaka 1976 wahandisi wawili wa Hewlett-Packard, Siegfried Linkwitz na Russ Riley, walionyesha kwamba kila upande ukishushwa desibeli 6 pale mpakani, huku mawimbi yakienda sambamba, jumla yake hutoka bapa. Linkwitz aliendelea kubuni spika hadi alipofariki mwaka 2018, na michoro yake aliwauzia watu wa kawaida wenye karakana nyuma ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo mbunifu analijua na mnunuzi halijui, nalo ni upana wa ubao wa mbele. Sauti za juu hutoka kwenye spika zikaenda mbele. Sauti za chini huuzunguka ubao na kupotelea nyuma. Kwa kasha lenye upana wa sentimita 20, badiliko hilo hutokea karibu na 575 Hz, na hapo ndipo mahali pa sauti ya mwanadamu. Mbunifu asiporekebisha, waimbaji wote wa dunia watasikika wembamba, kama wanaimbia ndani ya simu. Dawa yake ni kuzipunguza sauti za juu, hata kwa desibeli 6, ili zilingane na zile za chini. Lakini kama spika itaegemezwa ukutani, ukuta wenyewe utazirudisha sauti za chini, na dawa ile ile inageuka kuwa ugonjwa: sauti ya mwanamume inanenepa, gitaa la besi linavuma kama gari kubwa lililosimama bila kuzimwa injini. Kwa hiyo swali langu la pili kwa mbunifu ni hili: ulipokuwa unasikiliza, uliziweka wapi? Spika nyingi zinazoitwa za rafu ya vitabu zimebuniwa zikiwa juu ya stendi, mbali na ukuta, na rafu yenyewe hazijawahi kuiona.

Anayedai kila kitu hapa ataumia. Josef Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo herufi ya mwisho katika kampuni ya KLH iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1957, aliacha kanuni ambayo watu wa spika bado wanaiita ya chuma: kasha dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua viwili, cha tatu kisahau. Aliyeamua kutengeneza kasha dogo ameshachagua cha kwanza. Akitaka na besi, atalipa kwa wati. Ndiyo sababu spika hizi ndogo nyingi hutoa desibeli 82 hadi 85 tu kwa wati moja ukizipima kwa umbali wa mita moja. Si kasoro hata kidogo, ni bei iliyokwisha kulipwa. Kwa chumba cha kawaida amplifaya ya wati 30 inatosha kabisa. Kwa sherehe ya arusi haitoshi, wala mtu asiipeleke huko.

Bibi wa ukoo huu, kwa maoni yangu, ni LS3/5A. BBC iliitengeneza katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari yake ya kurushia matangazo nje ya studio, ambamo hapakuwa na nafasi ya spika kubwa, na kuvaa visikizi siku nzima hakukufaa. Kasha lake ni la lita 5 hivi, la plaiwudi nyembamba ya mti wa birch iliyobandikwa lami kwa ndani ili isilie. Wufa na twita zilitoka KEF, na krosova yake ilikuwa na vitu vingi kuliko spika nyingi za ukubwa mara nne yake. Wahandisi walijua besi ya kweli haiwezekani katika lita 5, wakakubali kuikosa, wakaweka kinundu kidogo juu kidogo ya pale besi inapoishia ili sikio lidhani limeshiba. Ni ujanja, na ni ujanja wa watu waungwana. Nakumbuka kwamba shirika hilo hilo lilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, nasi tuliyasikia matangazo hayo kwa masafa mafupi, sauti ikija na kuondoka kama bahari. Na hukohuko kwao watu walikuwa wanahesabu kila desibeli ili sauti ya mtangazaji ifanane na mtangazaji.

Miongoni mwa seti za siku hizi, ile ninayoitaja kila ninapoulizwa ni Overnight Sensations ya Mmarekani Paul Carmody. Wufa yake ni HiVi B4N ya inchi 4, yenye uso wa alumini, na twita ni ndogo ya Dayton. Vyote viwili ni vya bei ya chini kabisa. Alumini ni ngumu, hutembea kama pistoni katika sauti za kati na kuzitoa kwa usafi, ila ikifika juu hupiga kelele kama sufuria lililoangushwa. Mbunifu mvivu angeikimbia wufa hiyo. Carmody aliichukua, akaifunga mdomo pale pabaya kwa krosova, na matokeo yake watu waliolipa kidogo wakasikia vitu vizuri kuliko walivyotarajia. Michoro aliitoa bure. Mimi hupenda zaidi wufa za karatasi, ambazo zikichoka huchoka taratibu, lakini sina budi kumvulia kofia.

Wapo wanaokimbia krosova kabisa. Hununua spika moja ya inchi 4, aina ya Fostex ya Japani, wakaiachia iimbe yote peke yake. Kwa sauti ya mtu mmoja na gambusi, utadhani mpigaji amekaa mezani. Ongeza bendi nzima, na itakuomba msamaha.

Hapo ndipo muziki wenyewe unapoingia katika hesabu, na nashangaa jinsi wanunuzi wanavyousahau. Mimi nasikiliza taarabu ya kale na dansi. Fidla, kanuni, kodiani, magitaa matatu yanayojibizana, waimbaji wanaopokezana: karibu yote hayo yanaishi kati ya 200 na 4,000 Hz, na spika ndogo iliyobuniwa vizuri hapo haina mpinzani. Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, mitambo ya wakati ule haikuwa na besi ya kina ya kumpa, kwa hiyo spika ndogo haimnyang'anyi chochote. Gitaa la besi la dansi ni habari nyingine. Waya wake mnene ukipigwa wazi hutoa 41 Hz, wakati spika ya lita 6 huanza kuishiwa pumzi kwenye sitini na kitu. Lakini noti ile huja na wajukuu zake, 82, 123, 164, na ubongo ukiwasikia hao humrudisha babu mwenyewe. Anayesikiliza singeli anunue sabufa, asiitese wufa ya inchi 4.

Halafu kuna kasha, na kasha ni la fundi seremala. Kuagiza mbao kutoka ng'ambo ni upuuzi. Mimi huagiza vyuma na krosova tu, mbao zikatwe Keko, Dar es Salaam, ambako wapo watu waliozaliwa kati ya msumeno na randa. Fundi niliyempelekea mchoro aliutazama, akapima kwa kidole, akacheka.

"Mzee, hiki ni kiboksi cha viatu. Tuongeze kidogo, besi ishuke."

"Tukiongeza, fundi, itaharibika."

"Mimi nimefunga spika za baa ngapi! Kasha kubwa, mziki mkubwa."

Hakukosea kwa spika zake. Ila mwaka 1961 Mwaustralia Neville Thiele alichapisha kwao hesabu zinazoonyesha kwamba kila wufa ina tabia zake zinazopimika, na tabia hizo ndizo zinazoamua lita za kasha. Hesabu hizo zilikaa karibu miaka 10 bila kusomwa sana nje ya Australia, hadi zilipochapishwa tena Marekani mwaka 1971 na Richard Small akaziendeleza. Kabla yao, kasha lilikuwa la kubahatisha. Nilimweleza fundi kwa maneno machache kuliko haya. Akanyamaza, akachukua kalamu iliyokuwa sikioni, akaanza kupunguza unene wa msumeno kwenye vipimo vyangu, jambo ambalo mchoro wa Kimarekani haukulitaja.

Yeye pia ndiye aliyekataa mninga. Nilitaka mbao halisi, kwa uzuri wake. Akasema pwani hii mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi, na kwenye kasha lisilotakiwa kupitisha hewa, kiungo kimoja kikifunguka kazi imekufa. Tukakubaliana MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, kingo zilishwe gundi iliyozimuliwa ili zisinywe unyevu, juu yake vinia ya mninga. Alivaa barakoa alipokata, maana vumbi la MDF si la kuvuta. Kingo za ubao wa mbele akazizungusha kwa msasa mpaka mkono ukateleza bila kukwama. Sauti nayo hupenda kona zisizo kali.

Kulehemu ni kazi ya jioni moja na sitairefusha. Koili zisilale upande mmoja zikiwa jirani, zigeuziane mgongo, la sivyo sumaku zao zitaingiliana. Na kabla ya kufunga, betri ya volti 1.5 iguswe kwenye nyaya za wufa: ikitoka nje, chanya ipo mahali pake. Mafundi redio wetu wameifanya hiyo miaka nenda rudi. Twita isijaribiwe hivyo.

Seti niliyoichagua safari hii ina wufa ya karatasi ya inchi 5 na kasha lililozibwa, lisilo na tundu la hewa. Chumba changu ni kidogo na ukuta uko karibu. Kasha lililozibwa hupoteza besi taratibu, desibeli 12 kwa kila oktavu, wakati lenye tundu huanguka 24, na ukuta utanirudishia sehemu ya kile kilichopotea. Mbunifu wake ameweka wazi vipimo vyote, hata vile visivyompendeza, na ameandika kwamba alizisikilizia karibu na ukuta. Kilichobaki ni ubishi na fundi kuhusu sura ya mbele. Yeye anataka wavu wa chuma, kama wa spika za baa, ili watoto wasitie vidole. Mimi sitaki kitu chochote mbele ya twita. Watoto, anasema, ni wa kwako au wa jirani? Wa jirani, nikamwambia. Basi wavu, akasema.