Kukipima Kitabu cha Kokteli kwa Ukurasa Mmoja

Kitabu cha kokteli, yaani vinywaji vinavyochanganya pombe kali na vitu kama maji ya ndimu, shira na barafu, hakipimwi kwa wingi wa mapishi wala kwa picha zake, bali kwa jinsi kinavyomwezesha mchanganyaji wa nyumbani kuelewa kwa nini kipimo fulani kimewekwa na kitatokea nini akikibadilisha.

Ukurasa unaofaa kufunguliwa kwanza ni wa Sidecar, kokteli ya brandi, maji ya limau na Cointreau, ambayo ni pombe tamu yenye ladha ya machungwa. Katika The Savoy Cocktail Book cha Harry Craddock, kilichotoka London mwaka 1930, brandi ni nusu, na vile viwili vingine ni robo kwa robo; lakini David Embury, mwanasheria wa Marekani ambaye hakuwahi kuhudumu baa, aliweka katika The Fine Art of Mixing Drinks cha mwaka 1948 sehemu nane za konyaki (aina ya brandi), mbili za limau na moja tu ya Cointreau. Jina ni lile lile, ila kinywaji cha Craddock huteleza kooni kwa utamu uliochanganyika na ukali wa limau, ilhali cha Embury humkunja uso asiyekizoea. Hata hivyo Embury ndiye mwalimu bora, kwa sababu anaeleza kazi ya kila kimiminika, na mwandishi aliyetoa sababu anaweza kubishiwa, ambapo Craddock huweza kufuatwa au kuachwa tu.

Vipimo navyo vina mitego. Jerry Thomas, ambaye kitabu chake cha mwaka 1862 ni cha kwanza cha aina hii kuchapishwa Marekani, hupima kwa “glasi ya mvinyo”, kipimo cha takriban mililita 60, na anayejaza glasi ya mvinyo ya siku hizi atalewesha wageni kabla ya chakula. “Maji ya nusu ndimu” ni maelekezo ya ovyo vilevile, kwani ndimu iliyosinyaa na ile iliyojaa hazitoi maji sawa. Mtego mkubwa zaidi ni shira: mililita 15 za shira ya sukari na maji kwa uzito sawa zina takriban gramu 9 za sukari, lakini ile ya sukari maradufu ya maji ina takriban 13, na tofauti hiyo yatosha kuiharibu Daiquiri, yaani ramu, ndimu na shira. Kitabu kisichotaja shira yake ni ipi kirudishwe rafuni.

Kisha kuna maji yasiyoandikwa. Barafu hupoza hasa kwa kuyeyuka, kwa hiyo kinywaji kilichotikiswa huongezeka kwa robo au zaidi, jambo ambalo Dave Arnold amelichambua kwa kina katika Liquid Intelligence cha mwaka 2014, na ambalo vitabu vingi hulifunika kwa maneno “tikisa vizuri”.

Aliyekwisha kuchagua kitabu atafaidika zaidi kwa kutengeneza kokteli moja mara mbili jioni ile ile, akibadilisha kipimo kimoja tu, kwa mfano mililita 5 za shira, na kuonja glasi zote mbili papo hapo, kwa kuwa ulimi hausubiri kesho, kisha kuandika kwa penseli pembezoni mwa ukurasa ni ipi iliyomalizwa kwanza.