Wavuta Fuwele

Kwenye ukingo wa Intel 4004, prosesa iliyotangazwa Novemba 1971, kuna herufi mbili ambazo hazijumlishi wala hazitoi: F.F. Ni za Federico Faggin, Mwitaliano mzaliwa wa Vicenza aliyeongoza usanifu wa chipu hiyo huko California. Alizitia kwa makusudi, kwa sababu aliihesabu kazi yake kuwa kazi ya sanaa, na msanii hutia saini.

Siku zile chipu ilipita mikononi mwa watu. Michoro ya transista zipatazo 2,300 ilikatwa kwa kisu juu ya karatasi kubwa za plastiki zenye utando mwekundu, ikiwa imekuzwa mara mamia, kisha ikapigwa picha na kupunguzwa mpaka ikatosha kwenye kipande cha milimita tatu kwa nne. Kisu kikiteleza, njia ya umeme imekatika kabla haijapitisha chochote. Baada ya Faggin wasanifu wengi walificha picha ndogo kwenye kona za chipu zao: wanyama, vibonzo, majina ya wenzao. Michael Davidson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida alizigundua kwa hadubini katika miaka ya 1990, akazikusanya. Desturi hiyo ikafifia. Programu ndizo zinazopanga mistari sasa, na haiwezi kuwa vingine: M1 ya Apple ya mwaka 2020 ina transista bilioni 16, na hakuna umri wa mtu unaotosha kuzichora. Sitamani kisu kirudi. Kinachoniuma ni kwamba tunashika simu kutwa nzima pasipo kuona ndani yake dalili yoyote ya aliyeitengeneza, na kitu kisicho na mtengenezaji machoni petu ni rahisi sana kukidharau.

Mimi moyo wangu uko tanurini, kabla chipu haijawa chipu. Silikoni iliyosafishwa kupita kiasi huyeyushwa ndani ya chungu cha kwatsi kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Kutoka juu huteremshwa mbegu, kijiti cha fuwele kamili, mpaka iguse uso wa kile kiowevu. Halafu huinuliwa ikizunguka polepole, milimita kwa milimita, na silikoni huganda chini yake, kila atomu ikifuata mpangilio wa zilizotangulia. Yeyote aliyewahi kukaa na bibi anayesuka ukili anajua kwa nini mwanzo unahitaji subira kuliko kazi yote inayofuata: miyaa ya kwanza ikikaa vibaya, mkeka mzima utapinda.

Na hapo mwanzo ndipo penye ufundi wenyewe. Mbegu inapogusa moto ule hushtuka, na ndani yake huzaliwa nyufa ndogo za mpangilio ambazo jicho haliwezi kuziona. William Dash wa General Electric ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, namna ya kuziondoa. Kwanza unavuta shingo nyembamba ya milimita chache, ili kasoro ziishie pembeni, na baada ya hapo ndipo unapoiruhusu fuwele inenepe. Gogo linalopatikana leo lina kipenyo cha milimita 300 na laweza kupita kilo mia, nalo laning'inia lote kwenye ile shingo.

Tanuri lina dirisha dogo. Mvutaji stadi alisimama hapo akiangalia pete ya mwanga pale kiowevu kinapogeuka kuwa kigumu, na pamoja nayo mistari minne myembamba inayoshuka ubavuni mwa gogo. Mistari hiyo ikiwapo, fuwele ni moja, nzima. Ikipotea, mpangilio umevunjika, na hata kama gogo bado linang'aa kwa uzuri, sehemu hiyo haifai: inarudishwa chunguni kuyeyuka upya. Sasa kamera na kompyuta ndizo zinazopima kipenyo na kurekebisha joto, na zinafanya vizuri. Lakini kompyuta hiyo nayo ilifundishwa kazi na macho ya watu wale wa dirishani, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwanzilishi wa njia hii naye hakutendewa haki. Jan Czochralski, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, inasimuliwa kwamba mwaka 1916 alichovya kalamu kwenye bati lililoyeyuka badala ya kwenye kidau cha wino, akaiinua na kuona uzi wa bati ukiifuata. Uzi ule ulikuwa fuwele moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili alishutumiwa kushirikiana na Wajerumani. Mahakama haikumtia hatiani, lakini chuo chake cha Warszawa kilimkataa, akarudi kwao Kcynia, akawa anatengeneza vipodozi na dawa za nyumbani. Alifariki 1953. Chuo kilimsafisha jina mwaka 2011, wakati karibu kila kompyuta duniani ilikuwa na kipande cha fuwele iliyovutwa kwa njia yake.

Yanayofuata ni marefu mno kuyasimulia yote. Gogo hukatwa visahani vyembamba chini ya milimita moja, vinang'arishwa, halafu hupita mamia ya hatua kwa muda wa miezi, katika vyumba ambavyo hewa yake huchujwa mfululizo na wafanyakazi hujifunika mpaka yabaki macho. Mashine mpya kabisa za kuchapa michoro hujengwa na ASML mjini Veldhoven, Uholanzi. Ndani yake matone ya bati, ndiyo, bati tena, hupigwa kwa leza mara 50,000 au zaidi kila sekunde ili yatoe mwanga ambao lenzi yoyote ingeumeza, kwa hiyo huongozwa kwa vioo vilivyosuguliwa na Zeiss huko Ujerumani.

Kazi yote hiyo, nasi tunafanya nini? Prosesa ni nadra kuchakaa. Betri hufa, feni hukwama, skrini hupasuka, nayo bado nzima. Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma za kawaida za Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2017, kwa hiyo mashine zisizo na ubovu wowote zikaitwa za kizamani kwa siku moja. Ofisi zinazirundika stoo, kisha zinaziuza kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu ana bei ya shaba, ana bei ya alumini, na aliye mjuzi anajua pia kutafuta dhahabu kwenye pini. Silikoni haimo kwenye orodha yake. Fuwele iliyolindwa isipoteze hata mstari mmoja inachomwa pamoja na plastiki, na hakuna anayeuliza.