Kukata Mti Uliokufa Wima

Asiyejua hudhani kuangusha mti mkavu ni rahisi kuliko kuangusha mti ulio hai. Nimemtazama mzee mmoja, jirani yetu kule Kinangop, akiuzunguka msaiprasi mkavu kwa muda mrefu kabla ya kuinua shoka, shingo ameikunja nyuma, macho yako kwenye matawi ya juu. Mti hai hujipinda na kulia kabla ya kuvunjika. Mkavu hauonyi mtu. Pigo la kwanza likiutikisa, tawi laweza kukatika huko juu na kushuka palepale aliposimama mkataji.

Kwa hiyo mzee huanza kwa kugonga. Hugeuza shoka, akagonga shina kwa kisogo chake usawa wa kiuno, kisha chini karibu na mizizi, akanyamaza na kusikiliza. Mlio mkavu unaorudi upesi ni wa mti mzima. Mlio mzito unaobaki ndani ni wa mti ulioliwa moyo, na huo huufunga kamba kwanza. Kisha huchonga mdomo upande anaotaka mti uangukie, akaenda kukata upande wa pili, na katikati akabakiza ukanda wa mbao asiougusa. Ukanda huo ndio unaouongoza mti chini. Mbao kavu haina mnyumbuko, basi huuacha mnene kuliko wa mti mbichi. Nimeona msaiprasi mrefu ukilala kati ya ghala la mahindi na safu ya viazi, na hakuna jani la kiazi lililoguswa.

Misaiprasi si miti ya mababu zetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Walowezi waliipanda kukinga upepo wa nyanda za Kinangop, na baada ya uhuru, mashamba makubwa yalipogawanywa, kila familia ikaotesha ua wake. Mwaka 1990 vikaingia Kenya vidukari vya msaiprasi, vilivyokuwa vimeonekana Malawi tangu 1986. Nyua zikaanza kugeuka kahawia kutoka ndani kuja nje, hivi kwamba mwenye shamba aligundua msiba ukiwa umeshakomaa. Baadaye wataalamu walileta kutoka Ulaya nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari, na madhara yakapungua. Lakini iliyokauka ilikuwa imekauka, na ikabidi ikatwe.

Kupasua ndiko ninakokupenda zaidi. Gogo husimamishwa juu ya kisiki, na mzee huinama kutazama uso wake uliokatwa. Mti mkavu una nyufa zinazotoka moyoni kuelekea gomeni, nyembamba kama uzi, na kati ya hizo huchagua moja. Hapigi katikati kwa nguvu kama wafanyavyo vijana. Hupiga ukingoni, mahali ufa unapotokea nje, na gogo hufunguka lenyewe. Shida ni mafundo. Msaiprasi wa ua hupogolewa miaka nenda miaka rudi, na kila tawi lililokatwa limeacha fundo gumu ndani ya shina. Mzee hapigani na fundo. Hulizunguka, akabandua vipande vya pembeni kimoja kimoja mpaka fundo libaki peke yake, kisha huliweka kando kwa moto wa usiku. Shoka likinasa, huchukua kabari ya mti mgumu wa mutamaiyu aliyoichonga mwenyewe, akaigonga taratibu. Kwa mkaratusi hufanya kinyume kabisa: huupasua ungali mbichi, kwa sababu nyuzi zake hujisokota, na ukishakauka hauingii shoka.

Nyanya yangu alijua kuni kwa mkono. Juu ya mafiga yake palikuwa na uchaga, na kuni zilikaa huko wiki kadhaa zikila moshi kabla ya kuruhusiwa kushuka. Alichukua kipande, akakipima kiganjani, akagonga kwa kingine. Kisipolia vizuri alikirudisha juu. Vyembamba vilikuwa vya uji wa asubuhi. Vinene vilingoja githeri. Hakuwahi kupika kwa kuni mbichi, na aliona haya kwa niaba ya nyumba ambayo moshi wake ulikuwa mzito. Tena kulikuwa na kuni zisizookotwa hata zikiwa kavu namna gani. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota hata vijiti vya mugumo, kwa kuwa ule ni mti wa Mungu. Mwanamke huyohuyo, alipoanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement mwaka 1977, alikuwa amewasikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni zimewaishia.

Leo anakuja mnunuzi na lori. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, wanunuzi waliyageukia mashamba ya watu, na mazoea hayo hayajaondoka. Hulipa bei moja kwa ua mzima, na msumeno wa injini haugongi wala hausikilizi. Uliokufa na ulio hai huanguka siku moja, nao ulio hai ndio mwingi. Jioni kuni mbichi zinapakiwa, majimaji yakingali yanatoka, na aliyezinunua mjini atalipia maji hayo kisha apulize moto hadi macho yawe mekundu. Mwenye shamba amepata karo ya muhula mmoja, na simlaumu kwa hilo. Ninachomlaumu ni kwamba hakutembea na mnunuzi kando ya ua wake akamwonyesha: huu umekufa, chukua, huu una miaka ishirini mbele yake, uache.

Mzee bado anakata, lakini anakata peke yake. Wajukuu wake wako Naivasha kwenye mashamba ya maua, na wakija nyumbani huja Jumapili, siku ambayo yeye hashiki shoka. Mashamba mengi jirani sasa yamezungushiwa waya na nguzo, na waya haukingi upepo. Msimu uliopita viazi vya upande ule vililala chini kabla ya kutoa maua.