Ufundi wa Sala ya Kila Siku

Katika stadi zote ambazo mja hurithishwa na wazazi wake, sijui hata moja iliyo nyenyekevu kwa sura na adhimu kwa matunda kuliko ufundi wa kusali kila siku kwa maneno yale yale. Nami nauita ufundi makusudi, kwa maana una vyombo vyake, una saa zake, una mwalimu na mwanafunzi, na ulimi usiouzoea siku za salama hauuwezi siku ya dhiki.

Huku kwetu, katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambazo kwa pamoja ni Jimbo Katoliki la Homa Bay tangu lilipomegwa kutoka Kisii mwaka 1993, saa za ufundi huo huamriwa na jua lenyewe. Ikweta i karibu mno, hata jua huchomoza na kutua takriban wakati ule ule mwezi wa Januari na mwezi wa Julai. Kwa hiyo sala ya Malaika wa Bwana, inayosaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, humkuta Mkatoliki katika nuru ile ile mwaka mzima. Alfajiri huwakuta wavuvi wa omena wakirejea Mbita na Karungu wakizima taa zao, na magharibi huwakuta wakulima wa Awendo wakitoka katika mashamba ya miwa. Lakini usiku wa mwezi mpevu, wakati taa hazina tena nguvu ya kuwavuta samaki, wavuvi wengi hubaki nchi kavu, na mchana wake utawaona wameketi ufuoni wakishona nyavu, jicho baada ya jicho, kazi isiyowapa kitoweo cha jioni ile lakini ambayo pasipo hiyo giza likirudi hawatakuwa na cha kutupa majini. Sala ya siku zisizo na habari ni kazi ya namna hiyo hiyo.

Rozari ndiyo chombo kikuu cha ufundi huu. Salamu Maria hamsini katika makumi matano, na kila siku ya juma ina matendo yake ya kutafakari: ya furaha Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili, na tangu Papa Yohane Paulo wa Pili alipoyaongeza mwaka 2002, matendo ya mwanga Alhamisi. Ratiba hiyo haikuulizi una hali gani. Kwa miaka mingi niliifuata kwa taadhima, kama mtu anavyofuata desturi ya nyumba aliyozaliwa, bila kufikiri kwamba ilikuwa na neno la kuniambia mimi.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akiongoza rozari nyumbani na katika jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ya kijijini kwetu, upande wa Rongo. Yeye alitamka nusu ya kwanza ya kila Salamu Maria, nasi tukaitikia nusu ya pili, na sikumbuki utotoni mwangu jioni ambayo mpango huo uligeuzwa. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, na pumzi zake zikawa fupi mno zisiweze kuongoza, alimpa ishara mdogo wangu ashike nafasi yake, na yeye akabaki muitikiaji. Basi kila jioni sauti ile dhaifu ilirudi katika ombi lile lile, la kumsihi Mama wa Mungu atuombee sasa na saa ya kufa. Ombi hilo nilikuwa nimelitamka tangu sijajua kusoma. Jioni moja niliposhika mkono wake nilitambua kwamba nyakati mbili zinazotajwa mle, ambazo kwangu zilikuwa mbali kama mashariki na magharibi, kwake zimekuwa wakati mmoja, na kwamba yeye alilijua hilo na hakuwa na fadhaa.

Tulimzika Jumamosi. Wakati wa rozari mama mmoja wa jumuiya aliomba tusali matendo ya uchungu, ombi la huruma, lakini katekista, mzee mwenye mvi, akamjibu kwa upole, "Mama, leo ni siku ya furaha, tusali ya leo." Nilidhani moyo wangu usingeweza. Tulipofika tendo la nne, Mtoto Yesu anapotolewa hekaluni, nikamkumbuka mzee Simeoni aliyembashiria Maria upanga utakaomchoma rohoni, nikaona kwamba uchungu ulikuwamo ndani ya furaha siku zote, na kwamba wazee walionifundisha rozari walilifahamu hilo nami nikilipita kila juma.

Tangu siku ile sala yangu haikuongezeka neno hata moja, bali kila neno limepata uzito. Marehemu Maurice Otunga, askofu wa kwanza wa Kisii tangu mwaka 1960 hata 1969, ambaye mwaka 1973 alifanywa kardinali wa kwanza wa Kenya na leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, alikuwa mtu wa rozari. Na hapana shaka kwangu kwamba kardinali huyo na mjane yeyote wa kijijini Uriri aisaliye ni mafundi wa daraja moja, kwani ufundi huu hautazami cheo.

Basi nakusihi, ndugu msomaji, uliye na mzazi au nyanya anayesali rozari jioni hii Rangwe, Nyatike au Suna, usingoje msiba ndipo uyatie maneno haya kinywani mwako. Nenda uketi kando yake uitikie, hata ikiwa ni kumi moja tu.