Tezi, Omo na Ngama: Maisha ya Chomboni katika Sons of Sinbad ya Alan Villiers

Utangulizi

Methali isemayo "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" hufundishwa madarasani kama onyo kwa mtu anayetangatanga: hata aende wapi, mwishowe atarudi alikotoka. Fasili hiyo ni sahihi, ila hulipita jambo moja bila kulitazama. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni chini kabisa, mahali yanapokusanyika maji yaliyovuja. Methali ya namna hii haiwezi kuzaliwa ila kwa watu waliokaa baharini siku nyingi, hata urefu wa chombo ukawa kwao mfano wa ulimwengu mzima. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Kisangani huipokea methali pamoja na mafunzo yake, lakini nyumba ilimozaliwa hajapata kuingia.

Miongoni mwa vitabu vinavyoweza kumwingiza humo ni Sons of Sinbad, yaani "Wana wa Sindbad", kilichotolewa na Alan Villiers mwaka 1940. Villiers (1903-1982) alikuwa baharia na mwandishi kutoka Australia, ambaye kati ya 1934 na 1936 aliizunguka dunia kwa merikebu ya matanga. Mwishoni mwa 1938 alifika Aden. Baada ya safari fupi ya Bahari ya Shamu katika chombo kidogo, alipanda bumu kubwa la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Kwa upepo wa kaskazi walipita Mukalla, Shihr na pwani ya Wasomali, wakafika Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Kusi ilipoanza walirejea Uarabuni, na mwaka 1939 wakafika Kuwait.

Uhakiki huu unakusudia kukipima kitabu hicho kwa kipimo cha methali yenyewe: kinaona nini tezini, nini omoni, na nini ngamani.

Tezini

Makao ya Villiers yalikuwa kwenye shetri, yaani sitaha ya juu ya tezi, karibu na nahodha na mshika sukani. Benchi lililomtosha kulala ndilo lililokuwa kitanda chake, kiti chake na meza yake ya kuandikia kwa muda wa miezi. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kwanza ya kitabu. Msafiri apitaye bandarini huona tanga na kulisifu. Akaaye chomboni huona jinsi siku inavyopangwa. Villiers anaonyesha sala zinavyogawanya saa, mabaharia wanavyoketi kuizunguka sinia moja ya wali na samaki, na jinsi mtu asivyoweza kujificha macho ya wenzake mahali ambapo faragha haipo. Anaonyesha pia kuwa hali hiyo ina adabu yake: kila mtu ana mahali pake, kila sanduku lina mwenyewe, na nahodha huweza kutawala siku nzima bila kupaza sauti.

Al-Nejdi ndiye mhusika aliyechorwa kwa ukamilifu zaidi. Ni mjuzi wa pwani, mfanyabiashara, mwamuzi wa ugomvi, mwenye majivuno na mwenye ukarimu. Msomaji humfahamu kwa matendo yake kuliko kwa sifa anazopewa. Hata hivyo, nafasi hiyo ya tezini ina gharama yake. Mwandishi anaiona dunia ya chombo kutoka upande wa amri. Anapoeleza kazi, mara nyingi ni kazi inayotazamwa kutoka juu. Anapoeleza bandari, ni bandari ambayo nahodha amekwenda kuitembelea. Chini ya shetri hiyo hiyo palikuwa na chumba walimowekwa abiria wanawake. Kati yao na benchi la mwandishi palikuwa na mbao tu, lakini mbao hizo ni nene kuliko bahari. Kitabu kinajua kwamba wapo, kinawahurumia kwa joto na giza lao, na hakiwezi kusema nao. Upungufu huo hauwezi kuitwa kosa la Villiers peke yake, kwa kuwa ada ya chombo ilimzuia. Bali ni mpaka ambao msomaji hana budi kuukumbuka kila anapoambiwa kwamba haya ndiyo maisha ya chomboni.

Omoni

Kwenye sitaha, kuelekea omo, kitabu kinapata uhai wake mkubwa zaidi. Huko ndiko chakula kinakopikwa, ndiko abiria wanakosongamana, na ndiko mabaharia wanakokusanyika kuvuta jarari ili foromali lipande. Foromali la bumu kubwa ni zito mno, na halipandi kwa nguvu za mikono tu. Hupanda kwa wimbo. Villiers, aliyekulia katika merikebu za Kizungu zenye nyimbo zake za kazi, anaelewa kwamba kuimba huko si pambo. Wimbo ndio unaowafanya watu wengi wavute kwa wakati mmoja. Kurasa anazoeleza kazi ya tanga zina usahihi ambao mwandishi asiye baharia asingeweza kuufikia, na ni hazina kwa yeyote anayeshughulikia fasihi simulizi ya bahari.

Aidha, mwandishi ametambua kwamba sitaha ya jahazi ni soko. Kila baharia alikuwa na sanduku lake na bidhaa zake ndogo za kuuza bandarini, na nahodha vilevile. Chombo hakikusafiri moja kwa moja kutoka mji hadi mji kama meli yenye ratiba, bali kilikaa palipokuwa na faida na kung'oa nanga faida ilipokwisha. Mpango wa kitabu unafuata mwendo huo: sura zinakaa pale chombo kinapokaa. Wasomaji wengine wameweza kuuona ulegevu huu wa msuko kuwa dosari. Kwa kweli ndio fani inayolingana na maudhui, maana kungoja ni sehemu kubwa ya maisha ya chomboni, na kitabu kisichongoja kingedanganya.

Ngamani

Swali gumu linahusu ngama. Ni kitu gani kilichokuwa chini ya maisha hayo yote, kikiyabeba? Villiers analo jibu, na ndilo jambo zito kuliko yote aliyoyaandika: deni. Mabaharia hawakuwa na mshahara maalumu. Walipata mafungu ya faida baada ya safari, na kabla ya kuondoka walikuwa wamekwisha kukopa kwa nahodha. Nahodha naye alikuwa na deni kwa mfanyabiashara. Wazamiaji wa lulu wa Kuwait, ambao mwandishi aliwafuata baada ya safari hii, walikuwa katika hali iliyo ngumu zaidi. Kila mtu chomboni alikuwa akirejea ngamani kwa maana ya ndani ya methali: aende Lamu, aende Unguja, marejeo yake ni kwa anayemdai.

Hapa jina la kitabu linajipinga lenyewe. Wasomaji wa Kiswahili, waliomfahamu Sindbad kupitia tafsiri za Alfu Lela Ulela, watakumbuka kwamba huyo aitwaye Baharia alikuwa tajiri mfanyabiashara aliyepanda vyombo vya watu wengine akiwa na bidhaa zake. Aliyebeba mizigo ni Sindbad mwingine, hamali, aliyeketi kusikiliza masimulizi ya safari. Wavuta jarari wa Bayan ni wana wa Sindbad yupi? Ushahidi wa kitabu unamwelekea hamali. Jina la kitabu linamwelekea tajiri. Villiers anaiona dhiki ya mabaharia kwa uwazi, kisha anaifunika kwa sifa za bahari na za uhuru wa matanga.

Upungufu wa pili unaonekana Rufiji. Bumu lilifika huko kuchukua boriti, mali ambayo ingejaza chombo na kwenda kuezeka nyumba za nchi isiyo na miti. Mwandishi anaieleza delta kama mahali pa mateso: tope, joto, mbu na kazi ya kuvunja mgongo. Hayo yote ni kweli kwa mtu wa Kuwait aliyelala hapo majuma machache. Lakini delta ni nyumbani kwa watu wengine, wenye majina ya miti yao, ya mikondo yao na ya vyombo vyao. Hakuna mtu wa Rufiji, wala wa Lamu, anayepewa katika kitabu nafasi inayokaribia ile ya al-Nejdi. Mwambao wa Waswahili unakuwa ghala: chombo kinaingia, kinajaza ngama yake, kinaondoka. Kwamba Lamu ilikuwa na ujuzi wake kamili wa bahari kumethibitishwa na A. H. J. Prins katika Sailing from Lamu, uchunguzi wa kianthropolojia uliochapishwa mwaka 1965. Ujuzi huo ulikuwapo Bayan ilipotia nanga. Hakuna aliyeuuliza kutoka tezini.

Hitimisho

Ulinganisho mmoja unawahusu wasomaji wa Kongo moja kwa moja. Njia ya bara, iliyokifikisha Kiswahili Manyema na ukingo wa Lualaba, ilipata msimulizi wake katika Kiswahili chenyewe: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Msimulizi huyo hana usafi wa mikono, na jeuri ya pembe na ya watumwa imo katika kila hatua yake. Hata hivyo anasema kwa sauti yake, na kwa sababu hiyo anaweza kuhojiwa. Baharia Mswahili aliyelala sitahani hana kitabu cha namna hiyo kando ya kile cha Villiers.

Hasara yake inaonekana katika lugha. Kitenzi "kubisha" hutumiwa kwa mtu apingaye maneno, na hutumiwa pia kwa chombo kinachokwenda kinyume cha upepo. "Demani" ni kamba ya tanga, na ni jina la msimu. Katika miongo iliyofuata safari ya Bayan, injini zilichukua nafasi ya matanga katika vyombo vikubwa, na maneno hayo yakabaki katika kamusi na methali kama samani za nyumba iliyohamwa. Kuyafundisha bila maisha yaliyoyazaa ni kufundisha nusu ya maana.

Sons of Sinbad kinastahili kusomwa, na kutafsiriwa kwa Kiswahili, kwa sababu kinarudisha sehemu ya maisha hayo kwa uaminifu wa mtu aliyeyaishi. Kinastahili vilevile kusomwa kwa kukibisha. Kazi aliyoiacha Villiers haihitaji pwani peke yake. Wanafunzi waliozaliwa Uvira na Kalemie wana wazee waliokula, kulala na kufanya biashara katika vyombo vya Ziwa Tanganyika. Wazee hao wakiulizwa sasa, na wakiulizwa kwa Kiswahili, ngama itapata msimulizi wake. Wasipoulizwa, methali itaendelea kusemwa na watu wasiojua ni wapi inapowarejesha.