Wosia Usio na Shamba: Kumsoma Mwana Kupona Ukiwa Mutuka

Utendi wa Mwana Kupona umezoeleka kama kitabu cha kumfunda mwari. Wanaousifu wanasema unafundisha adabu ya ndoa, wanaoulaumu wanasema unamfunga mwanamke miguu. Kusema kweli, pande zote mbili zinaziruka haraka mno beti za mwanzo. Pale kuna mama mgonjwa, ugonjwa umekwisha mla mwaka mzima, anamwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi, kisha anamwambia aanze kuandika kwa Bismillahi. Sasa hebu tuulizane: hayo ni mafunzo ya harusi? Mtu anayeita karatasi akiwa kitandani anaandika wosia.

Tarehe zinatusaidia. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi huu mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka 1860. Kwa hiyo Mwana Hashima, binti anayeambiwa haya yote, tayari hana baba, na mama anaona kwamba hata yeye hatakaa sana. Ukilijua hilo, beti za kumtii mume zinasikika vingine. Mama anapiga hesabu: mimi nikiondoka, nani atamlinda huyu? Kwa mazingira yale, jibu ni mume. Basi anamfundisha binti namna ya kuishi vizuri na huyo mlinzi wake.

Lakini wosia huu una jambo la ajabu: hauna mali. Haugawi nyumba, minazi wala dhahabu. Kidani anachoahidi kumtungia mwanawe ni cha maneno. Hata watumwa, ambao enzi zile walihesabiwa mali, wanatajwa tu kama watu wa kutochangamana nao nje ya kazi. (Beti hizo zinauma kuzisoma leo, na hatuna sababu ya kuzipamba.)

Kwa nini mali haimo? Kwa maoni yangu, sheria ilikuwa imeshamaliza kazi hiyo. Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yanajulikana: mtoto wa kiume anachukua mara mbili ya wa kike, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haongezewi kwa wosia ila warithi wenzake wakiridhia. Mwana Kupona angeandika beti elfu, fungu la Hashima lisingeongezeka hata shubiri. Kilichobaki mikononi mwake, kisichopimwa kwa theluthi, ni maneno na radhi. Ndiyo maana neno radhi limetanda utendi mzima: radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, ya mume. Anaposimulia kifo cha Bwana Mataka, anachotuonyesha amekipata ni radhi aliyotamkiwa. Huo ndio urithi anaoutambua, na ndio anaoupitisha.

Hapo ndipo ukubwa wa utendi ulipo, na udhaifu wake pia. Usalama wote wa Hashima umewekwa juu ya moyo mwema wa mtu mwingine. Moyo huo ukigeuka, je?

Swali hilo ni la hapa hapa Mutuka, mbali kabisa na bahari. Mtu anarudi na majibu kutoka hospitali, familia nzima inajua, na hakuna anayethubutu kutamka neno wosia. Litaonekana uchuro. Watu wanaongea maneno ya busara: pendaneni, mtunzeni mama yenu. Yaani wote tunakuwa Mwana Kupona bila kujijua: tunagawa radhi, shamba tunaliacha kimya. Kasoro ni kwamba kimya chake yeye kilikuwa na sheria inayojulikana nyuma yake, ya kumpendeza au kutompendeza. Kimya chetu kinaachia kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo binti yuko daraja la mwisho, na mjane hana fungu: fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Yaani tena, moyo mwema wa mtu.

Linganisha na Holaria Pastory wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Alipoliuza, mtu wa ukoo alimshitaki kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba anayo. Hukumu ile ilijengwa juu ya Katiba, lakini shamba lenyewe lilimfikia kwa sababu baba alikuwa amesema kabla hajafa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kuusoma utendi huu ni huu: usiige mambo usiyoyataka, ila iga mkao. Mgonjwa hasubiri kupona wala kuzidiwa. Anaita karatasi, anamtaja mwandikiwa, anasema mwaka, anahesabu hadi beti zake, 102, kusudi asitokee mtu wa kuongeza au kupunguza. Hakimu yeyote angeupenda uangalifu huo. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake utenzi akauita Hati, neno lile lile tunalolitumia kwa kiwanja.

Mwana Kupona hakuwa na ruhusa ya kumwongezea mwanawe mali, akampa alichoruhusiwa kumpa, chote. Sisi tunaruhusiwa zaidi: RITA wanapokea na kuhifadhi wosia, na mashahidi wanapatikana kwa majirani. Tukiandika beti tu na shamba tukaliacha hewani, tutakuwa tumemwachia Hashima wetu kidogo kuliko alichoachiwa yule wa mwaka 1858.